Kilo za Mama Mizani

Kama hujawahi kufokewa na Mama Mizani, basi hujawahi kupeleka gunia kwenye ghala lile. Miaka ishirini na miwili alisimama mlangoni pa ghala la nafaka, kalamu sikioni, daftari kwapani, mbele ya mizani ya chuma yenye bamba pana kama meza ya kulia, na kila aliyefika na mzigo wake alikaribishwa kwa maneno mawili tu: "Toa mguu!" Maana watu, jamani, watu wana mambo. Mtu anashusha gunia lake, halafu anajitia hamnazo, anaegemeza kidole gumba cha mguu pembeni ya bamba, kidogo tu, huku macho yako juu kama anahesabu mabati ya paa. Kidole gumba kinaweza kuongeza kilo mbili. Mama Mizani hata kichwa hainui. "Toa mguu!" Na mguu unatoka.

Wapagazi walimtania kwa hilo. Walisema siku akizikwa atafufuka kumwambia mchimba kaburi atoe mguu. Alicheka nao, kisha akawaambia wabebe magunia.

Na kila asubuhi, kabla ya gunia la kwanza, aliijaribu mizani yenyewe. Chini ya meza yake kulikuwa na sanduku la mbao lenye mawe ya mizani, yale ya chuma, makubwa ya kilo ishirini na madogo ya kilo moja moja ya kupimia mbegu. Aliyapandisha kwenye bamba, akasoma. Ikizidi au ikipungua, hapimi mtu. Meneja aje, mkubwa wa meneja aje, hapimi mtu mpaka fundi wa mizani airudishe kwenye sifuri. Nayasema haya mapema ili ujue ni mtu wa namna gani aliyekuja kufanya alichokifanya, na ujue kwa nini nikisimulia habari hii mate yananikauka kwa hasira.

Uvimbe aliugundua mwenyewe akioga, titi la kushoto, mgumu kama punje ya hindi kavu. Hakuzungukazunguka. Wiki hiyohiyo alikwenda hospitali, akapimwa, akaambiwa ni saratani, akapasuliwa, akashonwa, akaelezwa kwamba sasa zinafuata dripu sita za dawa kali, moja kila baada ya wiki tatu. Aliuliza swali moja tu.

"Nikizimaliza zote sita, daktari?"

Daktari wake, mwanamke wa miwani asiyependa maneno mengi, alimtazama usoni. "Ukizimaliza zote sita kwa wakati wake, mama, nina matumaini makubwa na wewe."

Basi. Mama Mizani akachora visanduku sita nyuma ya daftari lake. Dripu ikipita, anatia alama. Siku ya kwanza alipanda mizani ya kliniki, kilo sitini na nane. Ya pili, sitini na saba. Nywele zilikwenda, kucha zikabadilika rangi, kichefuchefu kilimkalia kooni siku tatu nne kila mara, lakini kikiachia tu anakula: uji wa maziwa, mayai, samaki, wali na maharage, chai yenye sukari yake. Visanduku viwili vikajaa. Mambo yalikuwa yanakwenda.

Hapo ndipo wifi yake alipohamia.

Wifi huyu alikuwa dada mkubwa wa mumewe, mwanamke mrefu, matroni mstaafu wa bweni la wasichana, mwenye sauti ya kupanga watu mstari. Alikuja na mabegi mawili. La kwanza lilikuwa na nguo. La pili lilikuwa na chupa. Hata maji hakunywa, alikwenda moja kwa moja jikoni akafungua kabati kama anayekagua vitanda.

"Hii sukari inafanya nini humu?"

"Inakaa, wifi," alijibu Mama Mizani kutoka kwenye kochi. "Ni kwake hapo."

"Sukari inalisha ugonjwa. Maziwa yanalisha ugonjwa. Nyama ndiyo usiseme, mayai pia, na maharage yanaujaza mwili takataka. Vyote vinatoka leo."

"Sawa, ugonjwa tumeunyima chakula. Na mimi nitalishwa na nini?"

"Na hivi," alisema wifi, akaanza kupanga chupa kwenye ukingo wa dirisha. Zilikuwa saba. Moja ilikuwa na vidonge vya manjano vikubwa kama jino. Moja ilikuwa na picha ya mtu anakimbia, sijui anamkimbia nani. Moja ilikuwa unga wa mizizi wenye harufu ya gunia lililolowa. Juu ya hizo kulikuwa na juisi ya majani mabichi, asubuhi, mchana na jioni, rangi yake kama maji yaliyofulia sare.

Utaniuliza, mwanamke anayewafokea wanaume wenye malori, kwa nini alikubali? Na mimi nilijiuliza hivyo, nikatamani kumtikisa mabega. Lakini hebu simama mahali pake. Alikuwa amechoka, hawezi kusimama mbele ya jiko dakika kumi. Wifi alikuwa mkubwa, na kumjibu mkubwa wa mumeo ukiwa umelala kwenye kochi si jambo jepesi. Mumewe, fundi saa, mtu mpole hadi anaudhi, alikuna kichwa akasema, "Mvumilie tu, mke wangu, dada anafanya kwa nia njema." Nia njema! Neno hilo lingekuwa na shingo ningelikaba mwenyewe. Na tuseme ukweli, aliogopa. Ukiwa na ugonjwa ule, mtu akikuambia kijiko cha sukari ni kijiko cha kifo, mkono unakirudisha kwenye kopo hata kama akili inacheka.

Na kulikuwa na jambo jingine. Miaka minane nyuma, mama mkwe wake alikufa kwa ugonjwa huohuo. Mama Mizani ndiye aliyekuwa anamsindikiza hospitali. Siku ya dripu ya tatu bibi yule alipimwa, akaonekana amebaki mifupa, akaambiwa: nenda nyumbani kwanza upate nguvu, tutakuita. Hakuitwa. Nguvu haikurudi, wakamzika. Tangu hapo Mama Mizani alikuwa haogopi sindano, haogopi kisu, haogopi kutapika. Aliogopa maneno yale tu: nenda nyumbani kwanza.

Wiki tatu za majani mabichi zikapita. Siku ya dripu ya tatu wifi alimsindikiza, chupa ya juisi mkobani. Kliniki ilikuwa na mabenchi marefu, na mizani ilikuwa palepale mbele ya mabenchi, pembeni ya meza ya nesi, yenye namba nyekundu ambazo kila mtu anaziona. Nesi alikuwa mfupi, mwepesi, funguo zinalia kiunoni.

"Sitini na tatu," alisoma, akakunja uso. "Mama, umepoteza kilo nne. Unakula nini?"

Mama Mizani alifungua mdomo. Wifi akawahi. "Anakula vizuri sana, nesi. Vitu vya asili."

"Kuna dawa nyingine unatumia? Vidonge, unga, mitishamba, chochote?"

Kiwiko cha Mama Mizani kilifinywa. Kule nyumbani wifi alikuwa amemwonya: watu wa hospitali hawapendi kisicho chao, ukiwaambia watakunyang'anya.

"Hakuna," alisema Mama Mizani, akaangalia sakafu.

Daktari alitoa dripu ya tatu, lakini akamnyooshea kalamu. "Mwili wako ndio unaobeba dawa hii. Ukirudi umepungua tena, nitalazimika kusimamisha. Umenielewa?"

Alielewa. Alielewa kuliko daktari alivyojua. Wakiwa njiani kurudi alisema, taratibu, "Wifi, nataka kula. Nataka yai." Na wifi, unajua alifanya nini? Aliongeza chupa mbili! Kwamba kama kilo zinapungua, basi vidonge havijatosha. Zikawa chupa tisa dirishani, jua likiwaka zinang'aa kama vikombe vya ushindi. Yai hakuliona. Ndani ya nyumba palikuwa hapana yai, hapana maziwa, hapana kipande cha samaki. Fundi saa alikula kabichi ya kuchemsha mezani pamoja na mkewe kuonyesha umoja, na kila siku alirudi kutoka kazini ana harufu ya nyama ya kukaanga kwenye masharubu.

Siku mbili kabla ya dripu ya nne Mama Mizani alivaa viatu akasema anakwenda kunyoosha miguu. Alikwenda ghalani. Alikuwa likizo ya ugonjwa, lakini nani wa kumzuia? Wapagazi walimshangilia kutoka mbali, kisha alivyosogea wakapunguza sauti. Alipanda kwenye mizani yake ya magunia, akasoma mwenyewe. Hamsini na tisa na nusu.

"Mama Mizani," alisema mpagazi mmoja aliyezoea utani, "umepanda na miguu yote miwili kweli?"

Hakuna aliyecheka. Yule mpagazi mwenyewe alijifanya anafunga kamba ya gunia.

Alisimama pale juu ya bamba, akawaza: kesho kutwa namba hizi zitawaka mbele ya nesi, na nitaambiwa nenda nyumbani kwanza. Kisha akashuka, akainama chini ya meza, akafungua sanduku la mbao, akatoa mawe manne ya kilo moja moja. Aliyaweka ndani ya kikapu na kuyafunika kwa kanga. Walipomuuliza, alisema anakwenda kuyasafisha kutu.

Loo! Yule yule. Miaka ishirini na miwili ya toa mguu.

Nyumbani alijifungia chumbani na sindano. Alishona mifuko minne ndani ya gaguro, miwili mbele, miwili nyuma, akachukua soksi za mumewe na kulivika kila jiwe soksi yake ili yasigongane. Alijaribu kutembea. Gaguro lilimvuta kiunoni kama mtoto anayelilia kubebwa. Juu yake alivaa gauni pana na mtandio. Hakujitazama kwenye kioo.

Siku ikafika. Alitolewa damu asubuhi, akakaa benchi kusubiri, wifi upande wa kulia, na upande wa kushoto mwanamke kijana mwenye kitambaa cha njano kichwani, aliyekuja kuanza dripu yake ya kwanza. Kijana huyo alikuwa amekumbatia faili lake kwa mikono miwili na kuuliza kila kitu: inauma? Unakaa muda gani? Na chakula je, unakula nini?

"Mama Mizani, panda," aliita nesi.

Akapanda. Namba nyekundu zilicheza, zikatulia. Sitini na tatu na nusu.

"Haa! Umepanda!" Nesi alifurahi waziwazi, hata funguo zilicheka. "Hivyo ndivyo. Nusu kilo juu. Daktari atafurahi."

Mama Mizani alishuka pole pole, jasho linamtiririka mgongoni. Alikuwa ameponyoka. Kisanduku cha nne kilikuwa chake. Na hapo ndipo wifi alipofungua mdomo.

"Mmeona?" Alisimama, akageukia mabenchi yote, sauti ileile ya bwenini. "Mmeona wenyewe? Wifi yangu huyu hali nyama. Hali mayai, hanywi maziwa, sukari hajui ladha yake. Anakunywa juisi na vidonge vyangu tu, na kilo zimepanda! Mizani haidanganyi!"

Wanawake kumi na wawili waligeuza shingo. Mmoja alivuta kikapu chake karibu, chupa ya maziwa inachungulia, akaisukuma ndani kama mwizi. Kijana wa kitambaa cha njano alikuwa tayari ametoa kalamu. "Mama, vinaitwaje? Hivyo vidonge. Na hayo maziwa ndiyo nisinywe kabisa?"

"Kabisa! Andika."

Kijana akaweka faili juu ya magoti, akaanza kuandika. Akainua uso kidogo, akamuuliza nesi, kwa sababu yeye alikuwa wa kuuliza kila kitu, "Samahani, nesi, kwani mnatupima kila mara kwa nini?"

"Kwa sababu dawa inapimwa kwa mwili wako," alisema nesi huku anaandika. "Uzito na urefu. Namba hii nampelekea mfamasia sasa hivi, ndiyo anayochanganyia dawa. Mtu mwembamba akipewa dawa ya mtu mnene, tunamuumiza. Ndiyo maana mizani ni ya kweli au tusipime."

Mizani ni ya kweli au tusipime. Maneno hayo yangeweza kutoka kinywani mwa Mama Mizani mwenyewe, asubuhi yoyote, mlangoni pa ghala. Alimtazama nesi akiandika kilo nne za chuma kwenye karatasi ya sumu yake. Alimtazama kijana akiandika majina ya chupa. Na hasira zikampanda, jamani, kutoka kwenye nyayo. Alimkasirikia wifi, alimkasirikia fundi saa na masharubu yake, alikasirikia wiki sita za njaa ndani ya nyumba yenye jiko. Zaidi ya wote alijikasirikia yeye, mwanamke mzima aliyepanda mizani na kidole gumba kizito kuliko cha mwenye lori yeyote.

"Binti, usiandike," alisema.

"Wifi, kaa—"

"Nimesema usiandike hata herufi moja!"

Mama Mizani alikwenda mpaka mezani kwa nesi, akawageuzia watu mgongo, akapandisha gauni, akaingiza mkono kwenye gaguro. Akatoa soksi ya kijivu ya mwanamume. Akaikung'uta, na jiwe likaanguka juu ya meza, ko! Likafuata la pili. Likafuata la tatu, na soksi hii ilikuwa na tundu. La nne liliganda kwenye uzi, akalivuta kwa nguvu mpaka mfuko ukachanika.

"Kilo nne," alisema. "Nipime upya."

Nesi alikuwa mdomo wazi. Kisha mdomo ukafanya kazi yake. "Mama! Mtu mzima! Unajua ungenifanya nikuue kwa mkono wangu? Unajua?"

"Nimejua sasa hivi. Pima."

Alikemewa, akasimama wima akakemewa, kwa sababu angekuwa yeye angekemea zaidi. Akapanda. Hamsini na tisa na nukta tatu, bila mawe na bila soksi zake.

"Mmeona?" Sasa yeye ndiye aliyegeukia mabenchi. "Hizi ndizo kilo za juisi. Hizi! Wiki sita sijaona yai. Mwenye maziwa yake kikapuni anywe!"

Wifi alikuwa amesimama kama nguo iliyoanikwa. "Umenivua nguo mbele za watu," alisema kwa sauti ndogo.

"Nimevua zangu kwanza."

Daktari aliwaita wote wawili. Majibu ya damu yalikuwa mbele yake, na hayakuwa mazuri: ini lilikuwa limechoka. Aliomba chupa. Wifi alizimwaga mezani, zote tisa, maana alikuwa anatembea nazo. Daktari alizigeuza moja moja. Tatu zilikuwa kitu kilekile kwa majina matatu. Mbili hazikuwa zimeandikwa kilichomo. "Hii sijui ni nini," alisema, "na aliyeitengeneza hakutaka nijue. Hii ya mtu anayekimbia, kwa wingi huu, inaweza kugombana na dawa ninayokupa."

"Ipi imechosha ini?" aliuliza Mama Mizani.

"Siwezi kukuambia. Inaweza kuwa moja, inaweza kuwa zote, inaweza kuwa dawa yangu mwenyewe. Ndiyo maana nesi alikuuliza kama kuna kingine unachotumia. Ukasema hakuna."



Daktari alizungumza nao kwa uwazi. Sukari haina haja ya kuwa mlo, lakini kijiko kwenye chai si adui. Ukiukatia mwili chakula, anayeanza kudhoofika ni wewe, siyo uvimbe. Mayai yaive vizuri, nyama iive vizuri, samaki, maharage, maziwa yaliyochemshwa, matunda yaoshwe, majani yapikwe, kwa sababu dawa hii inapunguza kinga na kibichi kisichooshwa kinaweza kumlaza. Kidonge chochote cha nyongeza kitaingia mdomoni damu ikionyesha kinahitajika, na kitapita kwanza juu ya meza hii.

"Leo hakuna dripu," alimalizia. "Ini litulie, na kilo zisishuke tena hata moja. Nenda nyumbani kwanza."

Mama Mizani alishika kingo za kiti. "Mama mkwe wangu aliambiwa hivyo hivyo," alisema. "Hakuandikiwa tarehe."

Daktari alivua miwani. Akachukua karatasi, akaandika tarehe, wiki mbili mbele, akapiga mhuri, akampa mkononi. Aliishika hivyo hivyo mkononi mpaka nyumbani.

Na nyumbani, hakuna aliyesalimika. Fundi saa alikuwa wa kwanza. "Na wewe! Masharubu yako yananuka nyama tangu mwezi uliopita!"

"Mke wangu, mimi nilitaka amani tu."

"Amani! Umeila amani peke yako, na mchuzi juu!"

Fundi saa aliinamisha kichwa. Wifi alikuwa jikoni, amesimama mbele ya dirisha tupu. Mama Mizani alimfuata, akiwa bado anachemka, amejiandaa kumpa vidonge vyake vya kutosha. Lakini wifi alianza, bila kugeuka.

"Mama alikuwa anapenda chai ya sukari," alisema. "Mwisho mwisho hakuweza kumeza kingine. Nilimpa. Kila akiomba nilimpa. Msibani mama mmoja akaniambia, hiyo sukari uliyokuwa unampa ndiyo imemlisha mdudu. Akala pilau yake akaondoka."

Mama Mizani alimsogelea. "Ni nani huyo?"

"Simjui. Hata jina simjui."

"Mtu usiyemjua jina," alisema Mama Mizani, na ghadhabu yake sasa haikuwa kwa wifi peke yake, "ndiye uliyemwachia jiko letu miaka minane? Mama alikufa kwa ugonjwa, wifi. Chai yako ilikuwa ndicho kitu kitamu cha mwisho alichopata duniani, na huyo mbwa akakunyang'anya hata hicho!"

Wifi alilia, mabega yale marefu yakipanda na kushuka. Mama Mizani hakumkumbatia. Alikuwa bado na njaa.

"Sijakusamehe," alisema. "Nichemshie mayai mawili."

Wiki mbili zile wifi aliziendesha kama bweni wakati wa mitihani. Saa mbili uji wa maziwa. Saa nne yai. Saa saba samaki na maharage, na usiniachie mabaki. Mara ya kwanza kutia sukari kwenye kikombe mkono ulimtetemeka hadi nusu ya kijiko ikamwagika mezani, akaifuta haraka, akachota tena. Mama Mizani aliona. Alikunywa chai yote mbele yake, polepole, akageuza kikombe kumwonyesha kitako.

Walirushiana maneno siku zote hizo. Waligombana juu ya chumvi, wakagombana juu ya dirisha. Mawe manne yalirudi ghalani, bila soksi.

Siku iliyoandikwa kwenye karatasi ilifika. Damu ilikuwa imetolewa siku iliyotangulia, na nesi aliwaambia mapema: ini limetulia. Imebaki mizani tu. Zikiwa zimeshuka hata kidogo, daktari hatoi. Zikiwa zimepanda, kiti cha dripu kinasubiri.

Nesi hakuwa na imani naye tena, na alikuwa na haki. Alimkagua. Mama Mizani alivua viatu, akavua mtandio, akavua saa ya mkononi, akapanda juu ya mizani na gauni jepesi na kichwa chake kisicho na nywele. Kwenye benchi kijana wa kitambaa cha njano, aliyekuja kupimwa damu, alikuwa anatafuna yai la kuchemsha, akaacha kutafuna. Wifi alikuwa amesogea hadi mgongoni kwa Mama Mizani, ananyoosha shingo, pumzi yake inampiga begani.

Namba nyekundu zilicheza. Sitini na mbili na nukta moja.

"Eh!" alisema nesi, kalamu ikashuka kwenye karatasi.

Mama Mizani hakufurahi. Alizitazama namba zile kama anavyotazama gunia lililofungwa vizuri mno. Alijua mwili wake ulivyokuwa. Hakugeuka, hata kichwa hakuinua.

"Wifi," alisema. "Toa mguu."



"Nilikuwa naangalia tu," alisema wifi.

"Wote huwa mnaangalia tu. Toa mguu!"

Mguu ukatoka. Namba zikaanguka, na wifi alitoa mlio mdogo kooni, kama mtu aliyeachia sahani. Sitini na moja. Sitini na nusu. Sitini na nukta nne, zikatulia hapo.

Nesi alisoma mara mbili, akafungua karatasi ya nyuma kulinganisha. "Zimepanda," alisema. "Kilo na kidogo."

Wifi alikuwa amefunika uso kwa mikono yote miwili. Mama Mizani aliendelea kusimama juu ya mizani, miguu mitupu, machozi yanamtoka na hasira bado ziko palepale.

"Andika hizo," alimwambia nesi. "Hizo ni zangu."